Miguu Iliyosamehewa

Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba yangu alimwibia marehemu kaka yake mistari mitatu ya kahawa. Sikumwona akiiba, wala hakuna aliyemwona. Niliamini kwa sababu miguu yake ilipona.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa subira. Ni fundi cherehani, nina kibanda changu mjini Moshi, na wateja wangu wanajua kwamba ukija kuulizia sketi kabla ya siku niliyokutajia utaondoka na maneno badala ya sketi. Nilizaliwa Machame, binti wa kwanza, na binti wa kwanza ndiye anayeitwa kila kitu kinapoharibika. Mama alipofariki, baba akawa wangu. Kaka zangu wawili wako mbali, mmoja Dar es Salaam na mwingine Mwanza, na wote walikuwa hodari sana wa kutuma salamu. Basi kila Jumamosi nilifunga kibanda mapema, nikapanda mlimani na mkate, sabuni, na kilo ya sukari, maana baba alipenda chai ya vijiko vinne.

Ilianza na sisimizi. Baba alikuwa anakaa kibarazani mchana, anavua viatu, anapangusa vidole vya miguu, anavaa, halafu anavua tena. Nikamwuliza kuna nini.

"Sisimizi," akasema.

Nikainama nikaangalia. Hakukuwa na sisimizi hata mmoja, nikamwambia hivyo. Akanitazama kama mtu anayeambiwa mvua hainyeshi ilhali amelowa.

Baada ya miezi michache sisimizi wakawa moto. Alisema nyayo zinawaka, kisha zinachomwa sindano, kisha zinawaka tena. Shuka likigusa vidole anaruka. Alikuwa anaamka mara nne, mara tano kwenda kukojoa, nasi tukasema ni uzee, wazee wote wanaamka. Nilimwambia twende hospitali. Akasema hospitali ni ya mtu mwenye kidonda, na yeye miguu yake ni mizima kabisa, nitazame mwenyewe. Nilitazama. Ilikuwa mizima, misafi, haina hata mkwaruzo, na hilo ndilo lililotutisha.

Jumamosi moja ya Julai nilifika nikakuta nyumba tupu. Nikamtafuta kwenye migomba. Nilimkuta amesimama ndani ya mfongo, ule mfereji wetu unaoteremsha maji ya mlimani mpaka shambani, suruali imekunjwa hadi magotini, amefumba macho. Ilikuwa saa nane mchana na ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la zizi. Maji yale ukinawa uso tu unashtuka.

"Toka humo, baba. Utapata kichomi."

"Ngoja kidogo. Humu wananiachia."

Wananiachia. Sikumwuliza ni akina nani. Nilisimama ukingoni nimeshika taulo lake, nikasikia ng'ombe anatafuna na maji yanapita kwenye miguu ya baba, na nikaogopa shamba nililozaliwa ndani yake.

Jioni ile, akinywa chai, alisema bila kuulizwa, "Kuna mtu ananishika vidole. Anavivuta kimoja kimoja. Hana haraka."

Kwetu wafu hawaendi mbali. Tunawazika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, katikati ya migomba na kahawa, hatua chache kutoka mlangoni, na mtu anapokwenda kukata majani ya ng'ombe anapita kwenye kichwa cha babu yake. Baba mkubwa, yaani kaka yake baba, alikuwa amelala upande wa chini, karibu na mpaka. Yeye na baba waligawiwa kihamba kimoja na babu yangu, na mpaka wao ulikuwa mstari wa masale. Kwa asiyejua, isale ni mmea wa majani marefu, mgumu kufa, na una kazi mbili. Kwanza ndio mpaka: palipopandwa masale hapavukwi. Pili ndio msamaha. Ukimkosea mtu, hata liwe kosa la kumwaga damu, ukampelekea jani la isale lililofungwa fundo, hawezi kukukatalia. Sisi ni Walutheri tangu enzi za babu, Jumapili tunaimba sauti nne, lakini sijawahi kumsikia mchungaji akishindana na isale.

Sasa, miaka miwili kabla ya sisimizi, masika ilibomoa ukingo wa mfongo ikazoa masale yote ya upande ule. Baba ndiye aliyeyapanda upya. Hilo lilijulikana na kila mtu, na halikuwa na neno. Lakini mzee akianza kuvutwa vidole na mtu asiyeonekana, ukoo unaanza kukumbuka. Wakakumbuka masale. Wakakumbuka kwamba baba mkubwa alikuwa tayari kaburini, hawezi kuja kuangalia anapandiwa wapi. Wakapima kwa macho, na kila aliyepima aliona mstari umesogea chini kidogo. Shangazi yangu alisema waziwazi kwenye msiba wa jirani kwamba mdogo mtu anakanyaga ardhi ya mkubwa wake, ndiyo maana ardhi inamchoma. Maneno yale yalifika nyumbani kabla yangu.

Mimi sikuamini sana habari za marehemu kushika watu vidole. Ila nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka huamini kinachomfupishia njia.

"Baba, sema tu yaishe," nilimwambia.

"Niseme nini?"

"Kwamba ulisogeza masale."

"Sikusogeza."

"Basi kwa nini unawaka?"

Nani angeweza kulijibu hilo? Jumamosi iliyofuata nilimwuliza tena vilevile, na iliyofuata tena. Nilimwuliza nikifua, nikipika, nikimkata kucha za miguu naye ameng'ata kola ya shati kwa maumivu. Sikumpigia kelele. Niliuliza taratibu, kama mtu mwema, na leo naona afadhali ningepiga kelele. Jumamosi ya nne alisema, "Waite wazee."

Walikuja asubuhi, wakakaa kwenye mabenchi chini ya migomba. Mama mkubwa, mjane wa kaka yake, aliletewa kiti. Baba alitembea kutoka mlangoni mpaka kwake bila viatu, maana viatu vilikuwa vinamchoma, na jani la isale mkononi limefungwa fundo. Alisema alisogeza mpaka. Alisema alijua anachofanya. Aliomba kaka yake amsamehe na wanawe wamsamehe. Mama mkubwa alipokea jani bila kuinua macho. Mistari mitatu ya kahawa ikatoka kwetu ikaenda kwake, masale yakahamishwa palepale, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa kidogo chini kwa ajili ya marehemu na nyingi kwa ajili ya walio hai. Mimi niligawa chakula. Nakumbuka nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyemaliza oda ya sare za shule nzima.

Na miguu ikapona.

Haikuwa siku ile. Ilichukua kama wiki sita hivi. Moto ukapungua, sindano zikapungua, na Jumamosi moja nilimkuta anatembea pekupeku kwenye changarawe za uani, anabeba ndoo ya pumba. Akaniambia hasikii kitu kabisa. Hakuna sisimizi, hakuna moto, hakuna mtu wa vidole. Nililia kwa furaha. Tulitoa sadaka ya shukrani kanisani, na shangazi akasimama akasema damu imesikia.

Kilichofuata sikukitarajia. Alipokuwa anaumwa, wapo waliokuwa bado wana shaka. Alipopona, shaka ikaisha. Kila aliyemwona baba anatembea vizuri aliona ushahidi kwamba aliiba kweli, maana asingeiba asingepona. Miguu yake ilimshtaki kila hatua. Hakuna aliyemtukana, watu wa kwetu hawana haja ya kutukana, wanaacha tu kukuita. Alikuwa mzee wa kutunza sanduku la sadaka, wakamwambia apumzike. Benchi la mbele aliliacha mwenyewe. Akawa anakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, amevaa koti lake lilelile zuri. Nami niliyekuwa namwona kila wiki, nilimsamehe. Hebu fikiria, nilimsamehe!

Krismasi, watu wa kwetu wote wanapanda nyumbani, hata wale wa kutuma salamu. Nilimnunulia baba viatu vipya, nikachemsha maji nimwoshe miguu kabla hajavijaribu. Nilipovuta soksi ya kulia, haikutoka. Ilikuwa imegandia. Harufu ilinifikia kabla macho hayajaelewa. Chini ya unyayo, karibu na kidole gumba, kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo kulikuwa na msumari wa bati, wote, umezama mpaka kichwa. Tulikuwa tumeezeka zizi upya mwishoni mwa Novemba. Mwezi mzima alikuwa anaukanyaga.

"Baba, huumwi hapa?"

"Hapana, mwanangu. Siku hizi siumwi popote," akasema, na akatabasamu, maana ilikuwa habari njema.

Hospitali walisema sukari, tena iko juu sana, na inaelekea ana miaka nayo. Tukaitikia. Kwetu sukari ikawa maelezo ya kidonda kutopona. Ule moto wa mwanzo ulikuwa na maelezo yake tayari, yenye mashahidi na mbege, na hakuna aliyeona sababu ya kuuhusisha na sukari. Mguu ulikatwa chini ya goti. Hakumaliza miezi mitatu. Tulimzika upande wa juu, mbali na mpaka, na wakati udongo unatupwa nilisikia mtu nyuma yangu akisema kwa sauti ya huruma kwamba sasa amelipa chote.

Hiyo ilikuwa zamani kidogo. Mwaka jana, Agosti, nilikuwa natoka sokoni mjini Moshi, mfuko wa nyuzi mkononi, nikasikia mwanamke muuza vitumbua ananiita kwa nguvu, "Mama! Mama, kiatu chako!" Nikageuka. Kandambili yangu ya kushoto ilikuwa imelala katikati ya barabara, nyuma yangu hatua kumi na tano au ishirini. Nilikuwa nimetembea umbali wote ule mguu mmoja peku kwenye lami ya saa saba mchana, na sikujua. Watu walicheka, nami nikacheka. Nikarudi nikaivaa, na nilipokuwa nainama kuivaa nilijua vizuri sana nimeinamia miguu ya nani.

Kwa kweli nilikuwa najua kabla ya hapo, nilikuwa nakataa tu. Sisimizi walianza mwaka mmoja nyuma. Nilikuwa nakaa kwenye cherehani, nakanyaga pedali, na vidole vinatambaliwa. Usiku vinawaka. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nawaza: nimemkosea nani? Mwanamke mzima, nina simu ya kisasa, nina redio inayosema habari za afya kila asubuhi, na nilikuwa nimelala macho wazi nikipitia majina ya niliowakosea. Orodha haikuwa fupi. Jina la baba halikuwemo.

Nilikwenda kliniki ya sukari. Muuguzi alikuwa msichana mdogo, mpole, wa umri wa binti yangu. Aliniambia nifumbe macho, akachukua kijiuzi kigumu cha plastiki, akawa ananigusa nacho nyayo, niseme ninapohisi. Nilikaa nikisubiri aanze. Baada ya muda nikamwambia anza basi, nina kazi. Akasema, "Mama, nimemaliza."

Alinieleza kwa utulivu. Sukari ikikaa juu muda mrefu inakula mishipa ya fahamu, na inaanza na ile mirefu kuliko yote, ndiyo maana vidole vya miguu vinatangulia. Mshipa unaoumia hautulii. Unapeleka habari za uongo: moto ambapo hakuna moto, sindano ambapo hakuna sindano, mdudu, kamba, mkono wa mtu. Wengine, alisema, huapa kwamba wanashikwa vidole.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Dawa zipo za kutuliza, na sukari ikishuka inasaidia. Ila mama, nisikilize hapa. Ukiona maumivu yameisha yenyewe na huhisi kitu, usishangilie. Ni kama mbwa anayebweka usiku kucha na hakuna mwizi. Anakuchosha, lakini yuko hai. Akinyamaza ghafla, nenda ukamwangalie. Mshipa ukifa ndio unanyamaza. Hapo ndipo mtu anakanyaga msumari asijue."

Nilimfokea. Maskini, nilimfokea mbele ya foleni nzima, nikamwuliza kwa nini hamkutuambia, kwa nini mnakaa na maneno kama haya humu ndani watu wanakufa huko juu. Alikuwa hajamaliza hata shule wakati ule. Aliniletea maji ya kunywa, nikaomba radhi, nikatoka nje nikakaa kwenye benchi mpaka walipofunga.

Baba hakusamehewa na mtu. Hakukuwa na wa kumsamehe. Alipokuwa anawaka, miguu yake ilikuwa inaita msaada, nasi tukaigeuza mashtaka. Ilipokufa, tukatoa sadaka.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Machame kwa mama mkubwa. Sikwenda kutaka shamba. Kahawa ile wanawe walishaing'oa siku nyingi wakapanda parachichi. Nilitaka jina la baba lirudi, na ni yeye peke yake, aliyepokea jani, ambaye ukoo ungemsikiliza akisema lirudi. Ana miaka mingi sasa, na nilikuwa na hofu ya kuchelewa. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi za mtori.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unachechemea?"

Nilimweleza yote, kijiuzi, mishipa, mbwa anayenyamaza. Aliendelea kumenya. Nilipofika kwenye wiki zile sita baada ya isale, kisu kikasimama.

"Kwa hiyo hakusogeza," nikasema. "Miguu haikuthibitisha chochote."

"Mimi najua hakusogeza," akasema. "Tulipanda pamoja. Mimi nilishika kamba upande huu, yeye upande ule. Mizizi mingine ya zamani ilikuwa bado inaonekana, tukaifuata."

Aliendelea mwenyewe, taratibu, akiangalia ndizi.

"Alikuja hapa siku moja kabla ya wazee. Akaniambia, shemeji, kesho nitasema neno, wewe pokea tu. Mwanangu amechoka na mimi. Nikapokea. Mistari mitatu ya kahawa, mwanangu, na mimi mjane. Nikasema moyoni, akitulia nitamrudishia. Halafu miguu ikapona! Nikaanza kusema, labda macho yangu ndiyo yaliyokosea. Labda ile kamba niliishika vibaya. Mtu anapona hivihivi?"

"Ungesema, mama mkubwa. Kanisani, popote."

"Nilikuwa sijui tena cha kusema. Hata yeye."

"Hata yeye nini?"

Aliweka kisu kwenye beseni. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu.

"Alirudi. Ilikuwa baada ya Krismasi, kabla hawajamkata mguu. Alikaa hapo ulipokaa. Akaniuliza, shemeji, nikumbushe, kweli sikusogeza? Maana ninavyotembea bila maumivu, naona kama nilisogeza nikasahau. Aliniuliza mara mbili."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia sijui."

Nilisikia hasira ikipanda, ile yangu ya kila siku, nikaitafutia mtu wa kumpa. Yeye alikuwa amekaa mbele yangu, mzee, amekiri bila kulazimishwa, na ilimchukua muda mfupi kuliko zile Jumamosi nne nilizomkalia baba. Nilichukua kisu nikamenya ndizi zilizobaki. Nilimwomba aseme haya mbele ya ukoo Desemba, watu wakipanda, na akakubali, na najua atasema akijaliwa kufika. Wataambiwa wote. Shangazi ataambiwa, wazee walio hai wataambiwa, kaka zangu wataambiwa. Lakini baba alikufa akiamini ni mwizi, na mimi ndiye niliyemfundisha.